Kusoma undani wa sumaku kwa nyutroni: mwongozo kamili, kuanzia kukata sampuli hadi kusoma picha

Fungua diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Ndani utakuta vipande viwili vya sumaku vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimepakwa nikeli inayong'aa. Hiyo ni neodimiamu-chuma-boroni, Nd₂Fe₁₄B, iliyotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa kule Japani na John Croat kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Kivunje kipande kimoja na utaona kijivu cha chengachenga, hakuna zaidi. Siri ya nguvu yake imo kwenye punje, yaani fuwele ndogondogo zinazoijenga, na hasa kwenye utando mwembamba wa nanomita chache unaotenganisha punje na punje.

Hadubini ya elektroni itakuonyesha utando huo vizuri sana, ila kwenye kipande chembamba kuliko unywele, pengine eneo moja kati ya mamilioni. Nyutroni hupita ndani ya sumaku nzima na kurudi na wastani wa mabilioni ya punje. Isitoshe, nyutroni haina chaji lakini yenyewe ni sumaku ndogo, kwa hiyo inagongwa na viini vya atomi na pia na usumaku wa elektroni. Kwa chuma, nguvu ya kiini kutawanya nyutroni ni femtomita 9.45, na ya usumaku wa atomi hiyo hiyo ni kama femtomita 6. Ndiyo maana Clifford Shull na mwenzake Smart waliweza, mwaka 1949 kule Oak Ridge, kuonyesha kwamba katika oksidi ya manganizi atomi jirani zinaelekeza usumaku wao pande zinazopingana. Shull alipata Nobel mwaka 1994.

Mwongozo huu hauhusu njia ile ya Shull ya kutafuta atomi zimekaa wapi. Unahusu mtawanyo wa pembe ndogo, yaani kupima nyutroni zinazopinda kidogo tu zinapopita kwenye sampuli. Huo unauliza jambo jingine: katika masafa ya nanomita 1 hadi 300 hivi, usumaku unapinda wapi na kwa nini? Nimeuandika kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayekwenda kwenye mtambo kwa mara ya kwanza. Majaribio mengi niliyoona yakiharibika yalikuwa yameharibika wiki kadhaa kabla ya nyutroni ya kwanza kufika.

Hatua ya 1: Swali liwe moja, sampuli ziwe mbili

"Kuchunguza muundo wa sumaku" si swali. Swali ni kama hili: tukipenyeza aloi ya neodimiamu na shaba kwenye mipaka ya punje, je, punje zinaacha kushikana kisumaku? Tunajua tayari kwamba upenyezaji huo huongeza ukaidi wa sumaku, yaani uga wa kinyume unaohitajika kuifuta. Nyutroni zinaweza kutuambia ni kwa sababu gani.

Swali la aina hiyo linadai sampuli mbili zilizotoka kwenye chungu kimoja, moja imepenyezwa na nyingine haijaguswa. Ukienda na moja utarudi na picha nzuri isiyo na cha kulinganishwa nacho.

Angalia pia ukubwa wa punje. Sumaku ya kawaida iliyochomwa kutoka kwenye unga ina punje za mikromita 5 hivi, na hizo zimezidi uwezo wa njia hii. Utaona mipaka yake tu. Utepe uliopozwa ghafla kwenye gurudumu linalozunguka una punje za nanomita 20 hadi 50, na hapo ndipo njia hii inapokuwa nyumbani. Mifano iliyobaki nitaijenga juu ya utepe huo uliosagwa na kukandamizwa kwa joto kuwa bonge gumu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kufyonza kabla hujayeyusha chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Boroni ni atomi moja tu kati ya 17 katika Nd₂Fe₁₄B, na kwa uzito ni asilimia 1 hivi. Lakini boroni ya asili ina kama asilimia 20 ya isotopu ya boroni-10, inayomeza nyutroni kama mchanga mkavu unavyomeza maji. Kipimo cha kufyonza cha boroni ya asili ni bani 767 (bani ni kizio cha eneo ambalo kiini kinanasia nyutroni) kwa nyutroni za urefu wa wimbi wa nanomita 0.18. Neodimiamu ni bani 50.5, chuma ni 2.56.

Tufanye hesabu yenyewe. Seli moja ya Nd₂Fe₁₄B ina ujazo wa nanomita za ujazo 0.945 hivi, na ndani yake zimo atomi 56 za chuma, 8 za neodimiamu na 4 za boroni. Zidisha idadi ya atomi kwa kila sentimita ya ujazo na kipimo chake cha kufyonza, jumlisha, na utapata takriban 3.8 kwa sentimita. Ufyonzaji hukua sambamba na urefu wa wimbi. Sisi tutatumia nanomita 0.6, kwa hiyo zidisha kwa 3.33, upate 12.7 kwa sentimita. Asilimia 85 ya kiasi hicho ni boroni peke yake.

Sasa weka unene. Sampuli ya milimita 1 itapitisha asilimia 28 ya nyutroni. Ya milimita 2 itapitisha asilimia 8, na hapo umepanda ndege kwenda kupima giza. Ya nusu milimita inapitisha asilimia 53, na hiyo inafanyika kazi.

Njia ya pili ni kununua boroni iliyosafishwa ikabaki boroni-11 karibu tupu. Sampuli ya milimita 1 hapo inapitisha zaidi ya robo tatu. Bei yake inauma, na lazima iingie tangu kuyeyusha aloi; huwezi kubadilisha boroni ya sumaku iliyokwisha kutengenezwa. Kama sumaku yako imenunuliwa dukani, basi suluhisho ni kuikata nyembamba.

Chunguza na viambato vingine. Sumaku nyingi za kibiashara zinazofanya kazi kwenye joto zina disprosi ya kuongeza ukaidi, na disprosi ni bani 994. Samariamu ni karibu 5,900. Gadolini ni karibu 50,000, hiyo usiilete kabisa isipokuwa umeagiza isotopu maalumu. Kobalti inafyonza bani 37, si nyingi, lakini ina balaa lake jingine nitakalolieleza mwishoni.

Hatua ya 3: Kata, pima, bana

Ondoa kwanza ngozi ya nikeli. Nikeli nayo ni sumaku na itachafua kipimo. Kata kwa msumeno wa almasi wa mwendo wa polepole wenye kipoza, na usiache vumbi la kukatia likauke mezani: unga laini wa neodimiamu na chuma hushika moto wenyewe hewani. Lenga kisahani cha kipenyo cha milimita 10 na unene wa nusu milimita. Pima unene katika sehemu tano kwa kile kifaa kiitwacho mikromita na uandike zote, maana utaugawia kila namba utakayoipata baadaye.

Umbo la kisahani lina sababu nyingine. Sumaku yoyote hujijengea uga wa kinyume ndani yake, na uga unaoonwa na punje ni ule uliouweka toa huo wa kinyume. Kisahani cha vipimo vile, uga ukipita sambamba na uso wake, kina kigezo cha kujipinga cha kama 0.04. Kwa Nd₂Fe₁₄B yenye usumaku wa Tesla 1.6 (Tesla ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku), hiyo ni Tesla 0.06 tu ya kutoa. Uga ukiupitisha kupenya uso, kigezo kinapanda karibu na 0.9 na hesabu yako yote inaanza kuyumba. Kwa hiyo weka uga sambamba na uso wa kisahani na mwale wa nyutroni ukipenya kisahani, mambo mawili yakiwa mraba kwa mraba, yaani kwa pembe ya nyuzi 90.

Kisha bana sampuli isisogee hata kidogo. Mwaka wa kwanza wa masomo yangu nilipeleka unga wa feraiti kwenye kikopo cha alumini, nikaujaza vizuri, nikaufunga. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Kila nilipopandisha uga picha ilibadilika kama vitabu vinavyosema, hadi nikaanza kufikiria kichwa cha makala. Uga ulipogeuzwa, mambo yakagoma kurudi. Asubuhi tulipofungua kikopo, unga ulikuwa umejipanga kama sindano, umesimama upande mmoja. Usiku kucha sikuwa nimepima usumaku ukigeuka ndani ya punje. Nilikuwa nimepima punje zikigeuka zenyewe, mzimamzima. Sasa naukandamiza unga kuwa kidonge kigumu. Nta inashawishi, lakini imejaa hidrojeni, na hidrojeni hutawanya nyutroni kila upande na kukupaka ukungu picha nzima. Ukitumia gundi, tone dogo pembeni, nje ya njia ya mwale.

Skrubu za kishikilia sampuli ziwe za alumini au shaba nyeupe. Skrubu ya chuma ndani ya uga wa Tesla 10 ni risasi.

Mwisho, usiondoke maabara yako bila mchoro wa usumaku dhidi ya uga wa sampuli ile ile utakayoipeleka.

Hatua ya 4: Omba muda wa mwale

Vyanzo vyenye mitambo ya pembe ndogo na sumaku kubwa ni vichache duniani. Institut Laue-Langevin mjini Grenoble, Ufaransa, ina kinu cha megawati 58 na mitambo ya D11, D22 na D33. Uingereza kuna ISIS, isiyotumia kinu bali mapigo ya protoni. Uswisi kuna SINQ katika taasisi ya Paul Scherrer, na Australia kuna Quokka kwenye kinu cha OPAL. Barani kwetu, SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, ni kinu cha megawati 20 kilichowashwa mwaka 1965 na kina mitambo ya nyutroni ya kusoma mpangilio wa atomi na mkazo ndani ya vyuma, shule nzuri kabla ya kwenda mbali. Wasomaji wa Kongo wanajua kwamba kinu cha kwanza cha utafiti barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, ingawa hicho kilikuwa kidogo kwa kazi kama hii.

Maombi hufunguliwa kwa misimu, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, na hushindanishwa mbele ya jopo. Mwandikie mwanasayansi wa mtambo kabla ya kuandika ombi lenyewe. Hilo si kujipendekeza. Yeye ndiye anayejua kama sumaku ya Tesla 10 inaingia kwenye mtambo wake au la. Ndani ya ombi weka mchoro wa usumaku na ile hesabu ya kufyonza. Jopo likiona umeijua boroni, nusu ya wasiwasi wao umekwisha.

Hatua ya 5: Chagua urefu wa wimbi na umbali

Unachopima kinaitwa q, na kwa pembe ndogo ni takriban 2π mara pembe ya mtawanyo, gawanya kwa urefu wa wimbi. Ukubwa wa kitu unachokiona ni takriban 2π gawanya kwa q.

Tuseme nanomita 0.6, kigunduzi kiko mita 20 kutoka kwenye sampuli. Nyutroni iliyotua sentimita 4 kutoka katikati, jirani kabisa na kizuizi cha mwale, imepinda radiani 0.002. Hiyo ni q ya 0.021 kwa nanomita, yaani kitu cha nanomita 300. Iliyotua nusu mita kutoka katikati inakupa nanomita 24. Sogeza kigunduzi hadi mita 2, na ukingo huo huo wa nusu mita unakufikisha nanomita 2.5. Kwa hiyo nafasi mbili za kigunduzi, mita 20 na mita 2, na pengine ya tatu katikati ili vipimo vipandane, zinatosha kwa utepe wetu.

Hatua ya 6: Usiku wa kazi, na mpangilio wa uga

Anza na vipimo visivyo na raha: kishikilia kitupu, mwale uliozibwa kwa kadimiamu (metali inayomeza nyutroni), maji ya milimita 1 kwenye kichupa cha kwatsi kwa ajili ya kusawazisha kigunduzi, na upitishaji wa kila sampuli. Linganisha upitishaji uliopimwa na ule wa hesabu yako. Ukitofautiana sana, ama unene si ule, ama aloi si ile. Heri ulijue saa mbili usiku kuliko mwezi ujao.

Kisha uga. Sumaku ina kumbukumbu, na hali yake kwenye Tesla 1 inategemea ilikotoka. Kwa hiyo anzia juu kabisa na ushuke, kama mtu anayeendesha barabara ya njia moja: 10, 5, 2, 1, 0.5, sifuri, kisha upande wa pili, −0.5, −1, hadi uupite uga wa ukaidi unaoujua kutoka kwenye mchoro wako. Umepitiliza kimakosa? Huwezi kurudi nyuma hatua moja. Panda tena hadi 10 ushuke upya. Sumaku za upitishaji mkuu (za koili zinazopitisha umeme bila ukinzani) hupandishwa polepole, kwa hiyo kosa la vidole sekunde moja linaweza kukula nusu saa. Mpe mwenzako wa zamu karatasi yenye orodha hiyo iliyoandikwa kwa kalamu, kila uga ukipigiwa vema ukishapimwa. Programu ya mtambo inaweza kuendesha yote yenyewe, lakini karatasi haijawahi kuzima.

Gawa muda kwa akili. Uga wa juu una mtawanyo dhaifu na ndio utakaoutoa kwenye vingine vyote, hivyo kelele zake zitaingia kila mahali. Upe muda mara mbili au tatu ya wengine.

Hatua ya 7: Kusafisha data

Hapa kuna programu, GRASP au Mantid, na mwanasayansi wa mtambo atakaa nawe. Toa mwale uliozibwa, gawa kwa upitishaji, toa kishikilia kitupu, sawazisha kwa maji, gawa kwa unene. Matokeo yawe kwa kipimo halisi cha "kwa kila sentimita" (cm⁻¹), si "hesabu za kigunduzi", la sivyo sampuli zako mbili hazitalinganika.

Hatua ya 8: Kuisoma picha

Usikimbilie kuizungusha picha ya pande mbili kuwa mstari mmoja. Utamu uko kwenye umbo lake.

Nyutroni huona tu sehemu ya usumaku iliyo mraba na q. Kwenye uga mkubwa karibu usumaku wote umelala kwenye uelekeo wa uga. Basi ukitazama pande zilizo sambamba na uga, usumaku hauonekani, na kilichobaki ni viini peke yake. Ukitazama pande zilizo mraba na uga, unaona viini pamoja na usumaku. Picha inarefuka kukata uga, kama yai lililolazwa. Kata kipande cha pembe finyu kila upande, toa kimoja kwenye kingine, na umetenganisha kiini na usumaku bila kifaa chochote cha ziada. Kwa utepe wa Nd₂Fe₁₄B ambao punje zake zinaelekea kila upande, Tesla 10 inakaribia hali hiyo bila kuifikia kabisa, maana uga unaohitajika kuvunja ugumu wa punje zilizokaa vibaya ni kama Tesla 7 hadi 8, na 10 haijaupita kwa mbali. Lisemwe hivyo kwenye makala yako.

Sasa shusha uga. Punje zinaanza kuuachia usumaku wao uelekee zinakopenda, na mtawanyo unapanda, mara nyingi sana kwenye q ndogo. Viini havijui habari ya uga. Viko pale pale. Kwa hiyo toa picha ya Tesla 10 kwenye kila picha ya uga mdogo, na kinachobaki ni usumaku uliopotoka, bila vinyweleo, bila mashimo, bila kasoro za kukata. Huo ndio moyo wa njia hii: sampuli inalinganishwa na yenyewe.

Mtelemko wa mabaki hayo una habari. Mipaka mikali ya kawaida hutoa mtelemko wa q⁻⁴. Usumaku unaopinda taratibu kutoka punje hadi punje hushuka kwa kasi zaidi, hata kukaribia q⁻⁸. Ukipata kati ya hizo, usumaku wako hauna kingo kali, unapinda. Na picha ikichora jani lenye ncha nne, vilele vikiwa karibu na nyuzi 45, hiyo ni dalili ya uga unaovuja kutoka kwenye punje kuingia kwenye utando wenye usumaku tofauti. Ukiiona kwenye sampuli iliyopenyezwa na usiione kwenye mwenzake, jibu la swali lako la hatua ya kwanza limeanza kujitokeza.

Tafuta kisha umbali ambao upotofu mmoja unafika, kwa kila uga. Karibu na ushibaji, yaani pale karibu usumaku wote umelala kwenye uga, umbali huo ni ukubwa wa kasoro yenyewe ukijumlisha mzizi wa pili wa 2A gawanya kwa (μ₀·M·H), ambapo A ni ugumu wa atomi jirani kushikana kisumaku, M ni usumaku wa sampuli, H ni uga wa ndani na μ₀ ni namba isiyobadilika ya usumaku wa ombwe. Kwa A ya pikojuli 10 kwa mita na uga wa ndani wa Tesla 1, sehemu ya pili ni nanomita 4; kwa Tesla 10 ni 1.3. Chora umbali huo dhidi ya 1/√H. Ukipata mstari mnyoofu, unapokata mhimili ni ukubwa wa kasoro, na mwinuko wake unakupa A. Mstari ukikatika pale uga unapokuwa mdogo, usiulazimishe. Kanuni hiyo haikuahidi kufika huko.

Hatua ya 9: Mtego mmoja wa kuangalia kabla hujaamini

Kwenye uga mdogo mtawanyo wa sumaku unaweza kuwa mkali hadi nyutroni moja itawanywe mara mbili au tatu ndani ya sampuli. Picha inapanuka na kila ukubwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Dawa yake ni kuwa na kisahani cha pili cha aloi ile ile chenye nusu ya unene. Data ikigawiwa kwa unene, mistari miwili ilale juu ya mwenzake. Isipolala, uga huo utupe. Mwale wenye nyutroni zilizopangwa uelekeo mmoja utakutenganishia mengi zaidi, lakini unapoteza nyutroni nyingi njiani. Kwa safari ya kwanza sikushauri.

Kabla ya kufunga mizigo

Sampuli haiingii mfukoni. Itapimwa mionzi kwanza, na nyingi hukaa kwenye kabati la metali ya risasi wiki kadhaa hadi chuma na neodimiamu zitulie. Kobalti ndilo lile balaa nililoahidi: ikimeza nyutroni inakuwa kobalti-60, ambayo nusu ya maisha yake ni miaka 5.27. Watengenezaji huiweka kwenye sumaku za kazi za joto ili zisipoteze usumaku mapema. Uliza muuzaji kama imo, andika kiasi chake kwenye fomu ya usalama, na kata kisahani cha tatu ukiache nyumbani kwa ajili ya hadubini, maana kile ulichopeleka huenda ukakikuta tena ukiwa umeshamaliza shahada.